SOMO LA HESABU: NAMBA 2,147,483,647 NA UKOO WAKE

Shuleni mtu hufundishwa kwanza kuzitumia namba: kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya. Ni wachache wanaofundishwa kuzitazama namba zenyewe, mojamoja, kama mfugaji anavyowatazama ng'ombe wake akajua huyu ni wa ukoo gani na yule ana kasoro gani. Leo twataka kuitazama namba moja tu kwa namna hiyo. Nayo ni hii: 2,147,483,647. Yasomwa bilioni mbili, milioni mia moja arobaini na saba, elfu mia nne themanini na tatu, na mia sita arobaini na saba. Kwa macho haina sura ya kupendeza. Haiishii kwa sifuri, wala tarakimu zake hazina mpango. Walakini ni namba yenye historia ndefu, na katika mwaka wa 2038 huenda ikawasumbua watu wengi ambao hawajapata kusikia habari zake.

Ili kuijua asili yake, chukua bao la kuchezea, lile la pwani lenye mashimo 32, yaani safu nne za mashimo manane manane. Katika shimo la kwanza tia kete moja. Katika la pili tia mbili. Katika la tatu nne. Katika la nne nane. Na uendelee hivyo, kila shimo likipata mara mbili ya lile lililolitangulia. (Afadhali uifanye kazi hii kwa karatasi na kalamu, maana bao zima lina kete 64 tu, nazo zitakwisha ungali kwenye shimo la saba.) Shimo la 31 lapata kete 1,073,741,824. Sasa jumlisha kete zote za mashimo hayo 31, na jumla yake ni namba yetu.

Hapana haja ya kujumlisha kwa mkono. Angalia mwanzo wa bao: 1 na 2 ni 3, na shimo la tatu lina 4. Ongeza hizo 4 upate 7, na shimo la nne lina 8. Ongeza hizo 8 upate 15, na shimo la tano lina 16. Siku zote jumla ya mashimo yaliyojaa hupungua moja tu kuifikia hesabu ya shimo lifuatalo. Basi shimo la 32, ambalo hatujalijaza, ni la kete 2,147,483,648. Wataalamu huiita namba hiyo kipeo cha 31 cha mbili, yaani mbili thelathini na moja zilizozidishwa pamoja. Na namba yetu ni kipeo hicho kutoa moja.

Tuulize sasa ni ya aina gani. Kwanza ni witiri, kwa kuwa yaishia kwa 7, na kwa sababu hiyo hiyo haigawanyiki kwa 5. Ukijumlisha tarakimu zake, 2 na 1 na 4 na 7 na 4 na 8 na 3 na 6 na 4 na 7, wapata 46. Na kwa kuwa 46 haigawanyiki kwa 3, namba yenyewe pia haigawanyiki kwa 3, wala kwa 9. Ukiigawanya kwa 7 yabaki 1. Ukiigawanya kwa 11 yabaki 1 vile vile. Kwa 13 yabaki 10. Mtu aweza kuendelea hivi mchana kutwa asipate namba yoyote ya kuigawanya bila baki, ila moja na yenyewe, kwa sababu namba hii ni namba tasa.

Namba tasa ndiyo hiyo isiyo na kigawo chochote ila moja na yenyewe, kama 2, 3, 5, 7, 11 na 13. Nionavyo mimi jina hili lina dhuluma kidogo. Kwa kweli namba hizi ndizo zinazozizaa nyingine zote, kwa maana 12 ni 2 kwa 2 kwa 3, na 1,001 ni 7 kwa 11 kwa 13, na kila namba kamili kubwa kuliko moja, kama si tasa yenyewe, imejengwa kwa tasa, tena kwa njia moja tu. Lakini jina limekwisha zoeleka.

Sasa turudi kwenye bao, maana hapo ndipo penye siri. Mashimo mawili jumla yake ni 3, ambayo ni tasa. Mashimo matatu ni 7, tasa. Manne ni 15, si tasa. Matano ni 31, tasa. Sita ni 63, si tasa. Saba ni 127, tasa. Je, waona mpango? Mashimo yakiwa na idadi inayogawanyika, jumla yake pia hugawanyika, na sababu yake ni rahisi. Chukua mashimo sita uyakate makundi mawili ya matatu matatu. Kundi la kwanza ni 1, 2 na 4, jumla 7. Kundi la pili ni 8, 16 na 32, nalo ni lile lile la kwanza likizidishwa kwa 8, yaani 56. Kundi la kwanza lagawanyika kwa 7, la pili lagawanyika kwa 7. Basi zote pamoja, 63, hazina budi kugawanyika kwa 7. Hivyo ndivyo ilivyo kwa mashimo 9, 10, 12 na mengineyo. Ukitaka jumla iliyo tasa, sharti idadi ya mashimo iwe tasa.

Sharti hilo ni la lazima, lakini peke yake halitoshi, na wengi wamejikwaa hapo. Kumi na moja ni tasa, lakini mashimo 11 jumla yake ni 2,047, ambayo ni 23 kwa 89. Mtawa mmoja Mfaransa, jina lake Marin Mersenne, aliandika mwaka wa 1644 orodha ya idadi za mashimo ambazo kwa maoni yake zaleta namba tasa: 2, 3, 5, 7, 13, 17, 19, 31, 67, 127 na 257. Kwa sababu ya orodha hiyo namba za namna hii zaitwa mpaka leo namba za Mersenne, ingawa orodha yenyewe ilikuwa na makosa matano. Alizitia 67 na 257 zisizostahili, akaziacha 61, 89 na 107 zinazostahili. Kosa la 67 lilidhihirishwa wazi mwaka wa 1903, Mmarekani Frank Cole alipoonyesha kwamba jumla ya mashimo 67 ni 193,707,721 ikizidishwa kwa 761,838,257,287. Lakini juu ya 31 Mersenne alisema kweli, ijapokuwa hakuleta ushahidi.

Ushahidi uliletwa na Leonhard Euler, aliyezaliwa Basel katika nchi ya Uswisi mwaka wa 1707, akafanya kazi miaka mingi St Petersburg katika Urusi. Mwaka wa 1772, katika barua kwa Bernoulli, alieleza kwamba 2,147,483,647 ni tasa. Wakati huo macho yake yalikuwa yamekwisha kupotea karibu kabisa. Kazi aliyoifanya yafaa kuelezwa kwa urefu kidogo, kwa kuwa yaonyesha jinsi akili inavyopunguza jasho.

Mtu asiye na maarifa angejaribu kuigawanya namba hii kwa kila namba iliyo chini yake, na maisha yake yangekwisha kabla ya kazi. Mwenye maarifa kidogo atakumbuka kwamba kama namba ni zao la namba mbili, iliyo ndogo kati ya hizo mbili haiwezi kuwa kubwa mno. 46,341 ikizidishwa kwa yenyewe yatoa 2,147,488,281, ambayo tayari imeipita namba yetu. Basi kama kuna kigawo, kilicho kidogo hakizidi 46,340. Tena yatosha kujaribu tasa peke yake, nazo hapo chini ya 46,340 ni karibu 4,800. Kazi imepungua, lakini bado ni ya miezi mingi kwa mtu asiyeona.

Euler alitumia sheria mbili. Ya kwanza yatokana na kazi ya Mfaransa Pierre de Fermat: kigawo tasa chochote cha jumla ya mashimo 31, ukikigawanya kwa 31, sharti kibaki 1. Itazame sheria hii katika mfano mdogo. Mashimo 11 yalitupa 23 kwa 89. Nawe ukigawanya 23 kwa 11 yabaki 1, na 89 kwa 11 yabaki 1. Kwa kuwa kigawo ni witiri pia, basi kwa namba yetu chaweza kuwa 63, 125, 187, 249, 311 na kuendelea tu, kila mara ukiongeza 62. Sheria ya pili yasema kwamba kigawo hicho, ukikigawanya kwa 8, sharti kibaki 1 au 7. Kwa sheria hii 125 na 187 zaondoka. 63, 249 na 311 zasalia. Sheria hizo mbili zikiunganishwa, kila kigawo sharti kibaki 1 au 63 kikigawanywa kwa 248.

Ukiiacha 63 yenyewe, ambayo kila mtu aona kuwa ni 7 kwa 9, mpaka 46,340 zasalia namba 372 tu za kujaribu. Na katika hizo nyingi si tasa. Tuchukue za kwanza: 249 ni 3 kwa 83, iache. 311 ni tasa, ijaribu: 2,147,483,647 kwa 311 ni mara 6,905,092 na baki 35. Haigawanyiki. 497 ni 7 kwa 71. 559 ni 13 kwa 43. 745 yaishia kwa 5. 807 na 993 zagawanyika kwa 3. 1,055 yaishia kwa 5. 1,241 ni 17 kwa 73. Zote ziache. Ndipo yaja 1,303, ambayo ni tasa, nayo yajaribiwa. Ukienda hivi mpaka mwisho, migawanyo ya kufanya kwa kweli ni zaidi ya 80 kidogo tu. Euler alizipitia zote, na hapana hata moja iliyogawanya bila baki.

Kwa muda wa miaka zaidi ya 80 namba hii ilikuwa ndiyo tasa kubwa kuliko zote zinazojulikana. Mwingereza Peter Barlow aliandika mwaka wa 1811 kwamba labda haitapatikana nyingine kubwa zaidi, maana namba hizi ni za ajabu tu na hazina faida, hata mtu ajisumbue kuzitafuta. Alikosea mara mbili. Mwaka wa 1876 Mfaransa Édouard Lucas alithibitisha kwamba mashimo 127 pia yatoa tasa, yenye tarakimu 39. Na mwezi wa Oktoba mwaka wa 2024 ilitangazwa tasa ya mashimo 136,279,841, yenye tarakimu 41,024,320. Ilikuwa ya 52 katika zile za Mersenne zilizojulikana. Juu ya faida tutasema baadaye.

Namba yetu ina jamaa wa karibu ambaye hapana budi kumtaja. Tangu zamani za Wayunani namba huitwa kamilifu ikiwa vigawo vyake, isipokuwa yenyewe, vikijumlishwa vyatoa yenyewe. 6 ni kamilifu kwa kuwa 1 na 2 na 3 ni 6. 28 vile vile: 1, 2, 4, 7 na 14. Euclid alionyesha kwamba kila mara jumla ya mashimo ikiwa tasa, ukiizidisha kwa kete za shimo lake la mwisho wapata namba kamilifu. Mashimo matatu: jumla 7, shimo la mwisho 4, na 7 kwa 4 ni 28. Fanya hivyo kwa mashimo 31 upate 2,305,843,008,139,952,128, ambayo ni namba kamilifu ya nane. Na ajabu nyingine: ukijumlisha 1 na 2 na 3 na 4 na kuendelea mpaka 2,147,483,647, jumla yake ni kamilifu hiyo hiyo. Kama iko namba kamilifu iliyo witiri, mpaka leo hapana aliyeiona wala aliyethibitisha kwamba haiko.

Yako na mambo mengine ya ukoo, nitayapita upesi. Thelathini na moja yenyewe ni jumla ya mashimo matano, kwa hiyo namba yetu ni Mersenne iliyotokana na Mersenne. Watu walitumaini kwamba mashimo 2,147,483,647 nayo yangetoa tasa, lakini ilionekana kwamba jumla hiyo, yenye tarakimu zaidi ya milioni 646, yagawanyika kwa 295,257,526,626,031. Tena, kwa kuwa namba yetu ikigawanywa kwa 8 yabaki 7, haiwezi kuandikwa kama jumla ya miraba miwili wala mitatu. Yataka minne, kama 7 inavyotaka 4 na 1 na 1 na 1.

Sasa faida, na hatari yake. Mashine ya kompyuta haijui tarakimu zetu kumi. Huweka namba kama bao letu: kila shimo ama limejaa kete zake kamili, ama li tupu. Kumi na tatu ni shimo la kwanza, la tatu na la nne, yaani 1, 4 na 8. Kwa miaka mingi mashine zilitengenezwa ziwe na mashimo 32 kwa kila namba, na shimo la 32 likatengwa liwe alama ya kuonyesha kwamba namba ni ya upungufu, yaani chini ya sifuri. Yalisalia 31 ya kuhesabia. Kwa hiyo namba kubwa ambayo bao kama hilo laweza kuishika ni 2,147,483,647. Ukiongeza moja, mashimo yote 31 yamwagika, na shimo la alama lajaa. Mashine haitoi ukelele. Yasoma tu upungufu wa 2,147,483,648 na kuendelea na kazi.

Fikiri chama cha ushirika cha kahawa ambacho hesabu yake yawekwa kwa senti katika bao la namna hiyo. Mwisho wake ni shilingi 21,474,836 na senti 47. Senti moja zaidi, na kitabu chaonyesha kwamba chama kina deni la mamilioni. Si hadithi tupu. Tarehe 4 Juni, 1996, roketi ya Ulaya, Ariane 5, iliharibika angani juu ya Kourou, katika Guyana ya Kifaransa, dakika moja haijatimia tangu iruke, kwa sababu namba moja katika mashine zake ilipita 32,767, ambayo ni jumla ya mashimo 15. Na mwezi wa Desemba mwaka wa 2014 YouTube walitangaza kwamba watazamaji wa wimbo wa Psy wa Korea ya Kusini, Gangnam Style, wameipita namba yetu, ikabidi kihesabio chao kipewe mashimo 64.

Jambo kubwa zaidi ni saa. Kompyuta nyingi huhesabu wakati kwa sekunde tangu mwanzo wa tarehe 1 Januari, 1970, kwa saa za Greenwich. Sekunde 2,147,483,647 ni siku 24,855, na saa 3, dakika 14 na sekunde 7. Zitatimia Jumanne tarehe 19 Januari, 2038, ambapo kwetu Afrika Mashariki itakuwa saa kumi na mbili na dakika 14 asubuhi. Sekunde ifuatayo, mashine yenye bao dogo itadhani ni tarehe 13 Desemba, 1901, mwezi ule ule ambao reli kutoka Mombasa iliufikia ukingo wa ziwa huko Kisumu. Mashine nyingi zimekwisha kupewa bao la mashimo 64, ambalo kwa sekunde latosha miaka bilioni 292. Zinazobaki ni zile za zamani, na vyombo vidogo vilivyofungwa ukutani au ndani ya mitambo, ambavyo hapana anayekumbuka kwamba vina saa. Mwenye kununua mtambo wa kudumu miaka mingi afaa kuuliza jambo hili kabla ya kulipa.

Ni bahati tu kwamba bao la mashimo 31 ni tasa. Mashimo 63 si tasa, kwa maana 63 ni 7 kwa 9. Wala 32 yote si tasa, jumla yake ikiwa 3 kwa 5 kwa 17 kwa 257 kwa 65,537. Wataalamu waliitumia bahati hiyo. Mashine ikitakiwa kutoa namba za kubahatisha, kama mtu anayetupa dadu, huzidisha namba iliyo nayo kwa 16,807, huigawanya kwa 2,147,483,647, na kulitwaa baki. Kwa kuwa namba yetu ni tasa, na 16,807 imechaguliwa vema, baki hilo hupitia kila namba kutoka 1 mpaka 2,147,483,646 kabla ya kurudia hata moja.

Msomaji anayependa kujaribu mwenyewe achukue mashimo 23, ambayo jumla yake ni 8,388,607. Vigawo vyake sharti vibaki 1 vikigawanywa kwa 46, na cha kwanza kujaribu ni 47. Hapo mgawanyo mmoja watosha: 47 kwa 178,481. Mashimo 29, yaani 536,870,911, yataka uvumilivu zaidi kidogo. Hesabu kwa 58, ukumbuke sheria ya 8, na uziache zisizo tasa. Jibu utakalolifikia ni 233 kwa 1,103 kwa 2,089.